Kishikwambi kipya: boksi linasema nini, na linanyamazia nini

Jumapili jioni mdogo wangu alinitumia picha ya boksi. Juu yake palikuwa na kishikwambi cha inchi 10.1, na pembeni maandishi makubwa ya rangi ya dhahabu: RAM 24GB, memori 512GB, kamera ya megapikseli 48, 5G. Ndani mlikuwa na kava, kibodi, kalamu, kipanya na spika za masikioni, vyote vya zawadi. Bei Sh 320,000. Chini ya picha ameandika: "Kaka, nichukue? Mwenye duka ananishikia mpaka kesho."

Anamtafutia mwanawe aliye kidato cha tatu. Kabla ya kuniuliza mimi alikuwa ameshauliza kwenye kundi la wazazi, akapata majibu matatu. Mzazi mmoja alisema simu inatosha, kishikwambi ni simu iliyonenepa tu. Mwingine akasema bora kuongeza hela ununue laptop. Wa tatu akasema kipya ni kupoteza pesa, tafuta iPad ya mtumba kutoka Dubai. Kila mmoja alikuwa na la kweli ndani yake, lakini kila mmoja alikuwa akieleza mahitaji ya nyumbani kwake. Mdogo wangu akabaki na boksi lake na muda wa mpaka kesho.

Haya ndiyo niliyomweleza. Nayaandika kwa sababu naona wazazi, wanafunzi na wafanyabiashara wadogo wakitoa akiba ya miezi kwa kusoma maandishi ya boksi peke yake, na mengi yanayoamua kama hela imekwenda vizuri hayaandikwi pale.

Tuanze na jina. Kishikwambi, ambacho Kenya wengi wanakiita tableti na simu zenye lugha ya Kiswahili zinakiandika kompyuta kibao, ni kompyuta bapa ya kioo unayoiendesha kwa kidole. Ukikifungua ndani ni ndugu wa simu kuliko laptop: prosesa za aina ileile, mfumo wa Android au iPadOS ya Apple, na programu zinazopakuliwa kutoka duka lilelile la mtandaoni. iPad ya kwanza ilianza kuuzwa Aprili 2010, na Samsung wakatoa Galaxy Tab mwaka huohuo. Kwetu Tanzania neno kishikwambi liliingia midomoni mwa kila mtu kwenye Sensa ya Agosti 2022, makarani walipopita nyumba kwa nyumba wakiwa nacho mkononi badala ya madodoso ya karatasi. Baadaye vishikwambi hivyo vikapelekwa kwa walimu.

Ule mfano wa sensa naupenda. Kazi ilijulikana kwanza: kuuliza maswali yaleyale, kujaza majibu, kuyatuma. Kifaa kikachaguliwa kufuata kazi. Sisi dukani tunaanza na kifaa, kazi tunaitafuta tukifika nyumbani.

Meza ya fundi cherehani

Maneno matatu yanachanganya watu kuliko yote: RAM, memori na prosesa. Mfikirie fundi cherehani kibarazani. Nyuma yake kuna rafu iliyojaa vitambaa vya wateja. Mbele yake kuna meza anayotandaza kitambaa anachokishona sasa hivi. Na kuna mikono yake na cherehani.

Rafu ndiyo memori ya ndani: picha, video, vitabu na programu vinakaa humo hata kifaa kikizimwa. Meza ndiyo RAM: pale vinawekwa vile tu vinavyotumika wakati huu, na ukizima kifaa meza inasafishwa. Mikono na cherehani ndiyo prosesa. Rafu ikiwa kubwa na meza ikiwa ndogo kama stuli, fundi atakuwa anakunja na kukunjua siku nzima. Ndiyo hali unayoiona kifaa kinapoganda ukitoka kwenye kitabu kwenda WhatsApp, na ukirudi kwenye kitabu unakuta kimeanza upya ukurasa wa kwanza.

Sasa turudi kwenye ile 24GB. Ukisoma vizuri boksi za namna hii, mara nyingi pembeni kwa herufi ndogo utaona "8+16". Nane ndiyo meza. Kumi na sita ni mkeka uliotandikwa sakafuni, na mkeka wenyewe umekatwa kutoka kwenye nafasi ya rafu. Fundi anaweza kuweka vitambaa pale, lakini kila akihitaji kimoja anainama kukiokota. Mkeka una msaada wake, haumgeuzi fundi kuwa na meza ya 24. Unapolinganisha vishikwambi viwili, soma namba ya kwanza, ile iliyo baada ya alama ya kujumlisha iache. Kwa mwanafunzi wa kusoma na kuangalia masomo ya video, 4GB za kweli zitamvusha, 6 zitampa nafasi ya kupumua, na 8 za kweli ni nzuri sana.

Nimesema za kweli kwa makusudi. Kuna vifaa sokoni ambavyo hata ile nane haimo. Mtengenezaji amebadilisha maandishi ndani ya mipangilio, kifaa kinajitangaza kuwa na kisichokuwa nacho. Hata toleo la Android linaweza kuandikwa 14, mfumo wenyewe ukiwa wa miaka mingi nyuma. Kuna njia ya kuligundua bila kuwa fundi: mwombe muuzaji akuruhusu kukiunganisha na hotspot ya simu yako, pakua programu ya bure ya kukagua kifaa kama CPU-Z, kisha linganisha inachosema na kilichoandikwa kwenye boksi. Ni kazi ya dakika tano. Muuzaji wa bidhaa safi hana sababu ya kukataa.

Kwenye memori, jambo la kwanza kujua ni kwamba hupati yote unayonunua. Mfumo wenyewe na programu zilizokuja nao vinachukua gigabaiti kadhaa, mara nyingi zaidi ya kumi. Kwa hiyo kishikwambi cha 32GB kinajaa haraka kuliko unavyodhani, na kifaa kilichojaa pomoni kinakuwa kizito. 64GB yenye sehemu ya memori kadi inamtosha mwanafunzi. La pili, memori mbili za ukubwa mmoja hazina kasi moja. Vifaa vya bei ya chini vinatumia aina iitwayo eMMC, vya juu zaidi vinatumia UFS, ambayo ina kasi kubwa zaidi. Rafu ni ileile, lakini mlango wa stoo moja unapitisha mtu mmoja mmoja na wa pili unapitisha mkokoteni. Boksi nyingi haziandiki neno hilo.

Prosesa nitaipitia haraka. "Core nane" (core ni kiini kimoja cha kazi ndani ya prosesa) haina maana ya kasi mara mbili ya "core nne", kama vile vibarua wanane wachovu hawawazidi mafundi wanne hodari. Uliza jina la prosesa na mwaka iliyotoka, kisha ulitafute mtandaoni. Kama haina jina kabisa, ujue hapo kuna jambo.

Na ile 5G? Kwenye vishikwambi vya bei ndogo mara nyingi maana yake ni Wi-Fi ya masafa ya gigahezi 5. Haina uhusiano wowote na mtandao wa 5G wa kampuni za simu. Tarakimu ni moja, vitu ni viwili.

Umri ambao hauonekani

Hapa ndipo ningependa kila mnunuzi asimame kidogo.

Kishikwambi kina umri wa aina mbili. Kuna umri wa mwili: kioo, betri, tundu la chaji. Na kuna umri wa mfumo: miaka ambayo kampuni iliyokitengeneza itaendelea kukitumia masasisho, zile apdeti. Mwili unaweza kuwa unang'aa na mfumo umeshazeeka. Mfumo ukizeeka, kwanza mianya ya usalama haizibwi tena. Baadaye programu moja moja zinaanza kukataa: ya benki, ya shule, mwisho hata ya video. Kifaa kinawaka vizuri kabisa, lakini milango inafungwa mmoja baada ya mwingine.

Tazama mfano ulio wazi. iPad Air ya kwanza ilitoka 2013, na mfumo mkubwa wa mwisho iliopata ni iOS 12 wa 2018 (wakati huo mfumo wa iPad ulikuwa bado haujaitwa iPadOS). iPad Air 2 ilitoka mwaka mmoja tu baadaye, 2014, ikaendelea kupokea mifumo mipya hadi iPadOS 15 ya 2021. Ukiviweka juu ya meza kwa haraka huvitofautishi, lakini kimoja kiliishi miaka mitatu zaidi ya mwenzake. Upande wa Android, Samsung waliahidi miaka saba ya masasisho kwa Galaxy Tab S10 ya 2024. Kampuni nyingine hazitoi ahadi yoyote, na kishikwambi kinabaki na mfumo kilichozaliwa nao.

Kwa hiyo bei usiitazame peke yake, igawanye kwa miaka. Kishikwambi cha Sh 320,000 kitakachokufaa mwaka mmoja na nusu kinakugharimu zaidi ya Sh 210,000 kwa mwaka. Cha Sh 600,000 kitakachokaa miaka mitano kinakugharimu Sh 120,000 kwa mwaka. Najua fika kwamba mtu mwenye laki tatu mkononi hawezi kununua kwa hesabu, ananunua kwa alichonacho. Lakini hesabu hiyo inaweza kukuonyesha kwamba kusubiri miezi mitatu ukaongeza ni nafuu kuliko kuchukua leo.

Kuujua umri huo dukani, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu kifaa, tafuta tarehe ya sasisho la usalama. Ikiwa ya miaka miwili nyuma kwenye kifaa kinachoitwa kipya, umeshapata jibu. Kisha fungua Play Store, gusa picha ya akaunti, ingia mipangilio halafu sehemu ya kuhusu: patakuwa na mstari unaosema kama kifaa kimethibitishwa na Google au la. Kisichothibitishwa kiache hapohapo. Vifaa vya Android vya bei rahisi vimeshakutwa na programu hasidi zilizopandikizwa kabla hata mnunuzi hajafungua boksi. Mtandao uliopewa jina la BADBOX, ambao watafiti waliuanika 2023, uligusa visanduku vya runinga na vishikwambi pia. Kifaa cha namna hiyo ndicho mtu anachokwenda kuwekea namba ya siri ya benki.

Mtumba wa Dubai, mtumba wa Ulaya

Mzazi wa tatu kwenye lile kundi hakukosea. iPad iliyotumika vizuri inaweza kuwa bora kuliko kishikwambi kipya kisicho na jina. Kioo chake ni kizuri, prosesa yake ina nguvu, na kalamu yake inaandika kweli. Tatizo la mtumba ni kufuli.

Tangu 2013 Apple wana kufuli la akaunti: mwenye kifaa wa kwanza asipoitoa akaunti yake, hata ukikifuta chote kitakudai nywila yake. Android nayo ina ulinzi unaofanana tangu 2015. Hayo wengi wanayajua. Kufuli lisilojulikana sana ni la usimamizi. Shule na makampuni ya nje hununua vishikwambi kwa wingi na kuviandikisha kwenye mfumo wao wa kuvisimamia kwa mbali. Siku kikitoka mikononi mwao bila kufutwa kwenye orodha, kinaweza kuzunguka hadi Kariakoo kikiwa bado ni cha shule ya huko. Fundi anaweza kulipita kufuli hilo kwa muda, kifaa kikaonekana kimefunguka. Siku mwanao akikifuta na kukianza upya, kioo kinaandika kwamba kifaa kinasimamiwa na taasisi fulani, na hapo hakiendi mbele.

Yalinikuta mimi mwenyewe. Nilinunua kimoja kwa mtu, kikafanya kazi miezi minne, nikakifuta nimpe binti yangu, na kilichotokea kwenye kioo ni jina la shule ya mbali ambayo sijawahi kuisikia. Fedha haikurudi. Kwa hiyo mtumba nunua, lakini mbele yako kifutwe chote, kiwashwe upya, kiunganishwe na Wi-Fi, na kipite hatua zote mpaka kwenye uso wa mwanzo. Muuzaji akisema hilo litachukua muda, kaa usubiri.

Kukagua IMEI, ile namba ya utambulisho ya kifaa chenye laini, nako kuna mipaka yake. Tangu TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, walipozima simu bandia Juni 2016, wengi wamezoea kupiga *#06# na kutuma namba kwenda 15090. Ni desturi nzuri kwa simu na kwa kishikwambi cha laini. Kishikwambi cha Wi-Fi pekee hakina IMEI, kwa hiyo kipimo hicho hakikufikii.

Kazi ambayo simu haiifanyi

Sasa lile swali la mzazi wa kwanza: kwa nini usitumie simu tu?

Chukua rula. Karatasi ya A4, ile ya mtihani wa NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania), ina upana wa sentimita 21. Simu ya inchi 6.6 ina upana wa karibu sentimita 7, kwa hiyo ukurasa unabanwa hadi theluthi yake. Ndiyo maana mwanafunzi anavuta kwa vidole, anasogeza kulia, anasogeza kushoto, na akifika mwisho wa mstari amesahau mwanzo wake. Kishikwambi cha inchi 10.1 kikisimama wima kina upana wa karibu sentimita 13.6, theluthi mbili ya ukurasa. iPad ya inchi 10.2 ina umbo la mraba zaidi, kwa hiyo inafika kama sentimita 15.5, karibu robo tatu. Inchi hupimwa kona kwa kona, ndiyo maana vioo viwili vya inchi karibu sawa vinaweza kupishana upana.

Hapo ndipo kishikwambi kinastahili hela yake: kusoma kurasa zilizochorwa kwa ajili ya karatasi. Mitihani ya nyuma, vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania, ramani, michoro ya biolojia, msahafu, noti za muziki, michoro ya ujenzi. Ukiwa na kazi hiyo, nunua. Kama unataka kuangalia video na kuchati, simu uliyonayo inafanya, na kishikwambi kitakuongezea bando tu, kwa sababu kwenye kioo kikubwa ni rahisi kujikuta unachagua video ya ubora wa juu.

Mzazi wa pili, wa laptop, naye tumsikilize. Kuandika kwingi, yaani ripoti, utafiti wa chuo, hesabu za biashara kwenye majedwali marefu, kunataka laptop, hata ya mtumba. Ile kibodi ya zawadi haitabadilisha jambo hilo. Nimeiona: vitufe vidogo, inakatika na kuunga, na ndani ya mwezi inakaa kwenye droo. Kalamu ya zawadi ni hivyohivyo. Ncha yake ya mpira inafanya kazi ya kidole, na kiganja kikigusa kioo nacho kinachora. Kalamu inayoandika kweli inahitaji kioo kilichotengenezwa kuipokea, na lazima ioane na kifaa chenyewe.

Laini au Wi-Fi? Ikiwa nyumbani kuna simu ya kurusha hotspot, cha Wi-Fi kinatosha na bei yake ni ya chini. Mzazi anapata faida nyingine: hotspot ikizimwa, kitabu kilichopakuliwa kinabaki na michezo ya mtandaoni inaondoka. Anayezunguka shambani au kwenye miradi achukue cha laini, zaidi ya yote akihitaji ramani, maana iPad za Wi-Fi pekee hazina GPS, kipokezi cha setilaiti kinachojua ulipo.

Umeme usikutie hofu. Betri ya mAh 7,000 inabeba kama wati-saa 27, hivyo uniti moja ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, inakichaji zaidi ya mara 25 hata ukihesabu unaopotea njiani. Ila power bank ya mAh 10,000 itakijaza kama mara moja tu, na wanaotegemea sola ndogo walijue hilo mapema.

Mdogo wangu hakukimbilia. Jumatatu alikwenda dukani na mwanawe, akaomba dakika tano. Mipangilio iliandika 8+16. Ile programu ya kukagua ikaandika 4. Tarehe ya sasisho la usalama ilikuwa ya zaidi ya miaka mitatu iliyopita. Akarudisha boksi mezani, akamshukuru kijana wa duka, wakatoka.

Duka la tatu walipata kingine, cha kampuni inayojulikana, RAM 4GB, memori 64GB, bila kibodi wala kipanya, na bei yake ilizidi ile ya kwanza kwa elfu tisini. Alinipigia akiwa hajaamua. Nikamwambia ampe mwanawe mtihani wa nyuma wa fizikia aufungue kwenye simu kwanza, kisha kwenye kile kishikwambi. Nilisikia kelele za mtaani kwenye simu, kisha kimya kirefu. "Anasoma," akaniambia. "Amefika swali la nne, na bado hajagusa kioo kuvuta."